Siku Niliyoizima Mashine Shambani kwa Mikayi

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, mawingu yakiwa yamejikusanya upande wa ziwa, na mimi nimesimama katikati ya shamba la mama mkwe wangu na trekta ya mkono iliyonyamaza. Watu wa boma zima walikuwa wananitazama. Aliyeizima ni mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu unaouona, na sikujuta siku ile wala sijuti leo. Nimekuwa nikiiwaza asubuhi hiyo tangu jana, mume wako alipoishusha mashine yenu mpya kutoka kwenye pikapu na kutangaza kwamba wewe ndiye utakayeiendesha. Ulifurahi, nilikuona. Uliizunguka na kuizunguka kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani. Basi kaa hapa karibu, weka kikombe chini, nikuambie jambo kabla ya kesho.

Watu hapa wanakuita Nyar Kisegi, binti wa Kisegi, kwa sababu ndiko mwanangu alikokuoa. Usione vibaya, ndivyo wake wanavyoitwa katika nchi hii ya Waluo, kwa jina la walikotoka. Mimi waliniita Nyar Kuria. Nilitoka kule Migori, upande wa Wakuria karibu na mpaka wa Tanzania, nikaja kuolewa hapa karibu na Rodi Kopany miaka ya tisini ikianza. Jina lenyewe halina ubaya. Ila ukiitwa hivyo asubuhi na jioni, unakumbushwa asubuhi na jioni kwamba kwenu ni kwingine. Kijaluo sikukijua hata cha kuomba chumvi. Na mama mkwe wangu tulizungumza Kiswahili cha sokoni, yeye akikivunja kwake na mimi nikikivunja kwangu, tukielewana kwa kadiri ya hapo.

Yeye alikuwa Mikayi, yaani mke wa kwanza wa mzee. Neno hilo lina uzito, mwanangu. Msimu wa kupanda ukifika, hakuna jembe linalogusa ardhi ya boma kabla ya la Mikayi. Yeye anafungua shamba, anaangusha mbegu zake, ndipo wanafuata wake wenzake, halafu wana na wake zao kwa kufuatana, mkubwa kwanza. Mvua inaweza kunyesha mpaka ikufike magotini. Kama Mikayi hajafungua, wewe unakaa na mbegu zako kwenye kikapu unaimba nyimbo za kanisa. Na mstari wake wa kwanza ukishaanza, haukatwi njiani. Ukikatika, wazee wanaona msimu wenyewe umekatika.

Mwaka huo ng'ombe wa kulima walikuwa wamekufa kwa ugonjwa, karibu kila boma. Nira zilining'inia ukutani bila kazi. Lakini kikundi chetu cha akina mama wa kanisa kilikuwa kimepata trekta ya mkono, ile ndogo unayoiongoza kwa mikono ukitembea nyuma yake. Padri mmoja aliyekuwa akirejea kwao ng'ambo alituachia, aliyokuwa akiitumia hapo awali kwenye bustani yake ya mboga. Ilikuwa imechoka. Rangi ilikuwa imebaki pembeni tu, mkanda umelegea, na meno yake ya kulimia yalishikwa na udongo mkavu mpaka yakafanana na miguu ya kuku siku ya mvua. Akina mama waliitazama, wakatazamana. Nikasema nitaitunza mimi.

Kwa nini mimi? Kwa sababu baba yangu kule kwetu alikuwa na mashine ya kusaga unga, na mimi nilikulia miguuni pa injini. Wenzangu walibembelezwa kwa nyimbo, mimi nilibembelezwa kwa ule mlio wa dizeli. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi katika hayo machache yalikuwa ya kunigombeza, lakini kila jioni alinipa kitambaa na kusema, "Macho ya fundi yako kwenye kitambaa." Mimi nilidhani ananipa kazi ya kupangusa ili nisizurure. Kumbe alikuwa ananipa urithi. Ndugu zangu walipewa ng'ombe, mimi nikapewa kitambaa, na nakuambia wazi, ng'ombe wao wamekwisha.

Basi nikaianza ile mashine ya padri. Nilikwangua udongo kwenye meno, nikayavua na kuyarudisha, nikihakikisha kwamba upande wenye makali unatazama mbele, maana ukiuweka kinyume mashine inapiga ardhi kama mtoto anayelilia titi. Sponji ya kuchuja hewa niliifua kwa sabuni, nikaikausha kivulini, nikaipaka oili kidogo na kuikamua. Plagi niliifungua nikaisugua kwa brashi ya waya mpaka ikatoa cheche ya buluu. Mkanda niliukaza, si kupita kiasi, mpaka ukiubonyeza kwa kidole gumba uitike kidogo. Waya wa klachi niliuvuta na kuulegeza hadi mkono ukaushika vizuri. Oili chafu nikaimwaga, nikatia mpya, nikaiweka mashine mahali pa sawa kabla ya kupima, kwa sababu mashine iliyoinama inakudanganya.

Hiyo ilikuwa kazi ya kufufua. Kazi yenyewe ilikuja baadaye, nayo ndiyo iliyowachekesha watu. Kila nilipoitumia kwenye bustani ya sukumawiki ya kikundi, hata kama ni kwa muda mfupi, jioni niliitoa nyasi, nikaipangusa yote, nikapitisha spana kwenye kila nati, nikaifunika kwa gunia. Wapita njia walisimama. Mmoja aliniuliza kama ninaipeleka ubatizo. Mwingine akasema Wakuria hawana watoto wa kuwaogesha ndiyo maana wanaogesha chuma. Mimi nilicheka nao. Mwenye kuchekwa na akaendelea na kazi, mwanangu, hajapungukiwa na kitu.

Aliyecheka zaidi ni shemeji yangu Okoth, mkubwa wa mume wangu. Alikuwa amewahi kuwa utingo wa lori, basi akajiona ameishi ndani ya injini. Debe tupu haliachi kuvuma. Alisema mashine ni mambo ya wanaume, na kwamba ingefaa ikae kwake, si kwa mgeni asiyejua hata lugha. Mume wangu alikuwa Awendo akikata miwa, hakuwepo wa kunitetea. Maneno yakafika kwa Mikayi. Naye, kwa jinsi alivyopenda mambo yakatike, akaamua. Msimu ukifunguliwa, Nyar Kuria alime shamba lake, yeye Mikayi, kwa mashine hiyo, mbele ya watu. Ikilima vizuri, inabaki kwa Nyar Kuria na atalimia boma lote na kikundi chote. Ikiharibika siku hiyo, inakwenda kwa Okoth, na mazungumzo yameisha.

Hapo ndipo nilipokuwa nimesimama, mwanangu, asubuhi ile ninayokuambia. Nilikuwa na jambo moja tu la kupoteza, lakini ndani yake mlikuwa na mengine yote. Ikiondoka mashine, mimi ningebaki nani katika boma hili? Mke wa mtu aliyeko kwenye miwa, anayeelewa nusu ya anayoambiwa.

Tulianza vizuri. Mikayi alitembea mbele, akapiga jembe lake ardhini mara moja kufungua, akapisha. Nikavuta kamba, injini ikaitika kwa mvuto wa kwanza, na nikasikia akina mama wa kikundi wakishangilia kwa vigelegele. Ardhi ikaanza kugeuka. Okoth alikuwa anatembea ubavuni mwangu kama askari, maana zamu ya shamba lake ilikuwa inafuata baada ya mamake na wake wenzake, na mawingu yalikuwa hayamngoji mtu.

Katikati ya mstari huo wa kwanza nikaona kitu kinang'aa. Kilikuwa kidogo, unyevu tu mahali ekseli ya meno inapoingia kwenye sanduku la gia. Mtu mwingine asingeuona. Mashine ya mtu mwingine ingekuwa na matope na grisi ya mwaka juzi, na unyevu juu ya uchafu hauonekani. Yangu ilikuwa safi. Jana yake jioni mahali pale palikuwa pakavu, kitambaa changu kilipapita na kikatoka kikavu. Nikajua hilo ni jambo la leo. Nikaizima.

Mstari wa kwanza wa Mikayi, umekatika njiani, na aliyeukata ni mgeni. Mke mwenza wake mmoja alifunika mdomo. Vigelegele vilizimika pamoja na injini. Okoth hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi kuliko kama angefoka.

"Mashine iko sawa, inalia vizuri," alisema. "Washa, Nyar Kuria. Mstari wa mama haukatwi."

Lakini mkono haukurudi kwenye kamba. Nilikuwa namwona baba yangu na kitambaa chake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi nilikuwa nimeuona ufa.

Mikayi alinijia polepole. Alikuwa mwanamke mrefu, hakuwa na haraka hata nyoka akiwa ndani ya nyumba. Akasimama mbele ya mashine, akaniuliza, "Umeona nini?"

"Oili, Mama. Imeanza kutoka hapa."

Akainama. Nikapitisha kidole pale, nikamwonyesha. Akakishika kidole changu, akakigeuza kwenye mwanga kama anayekagua punje ya mtama.

"Na ukienda hivyo tu?"

"Hii shamba yako itaisha, Mama. Ya Okoth sijui. Ya wale akina mama, haitafika."

Ningeweza kusema uongo, mwanangu. Ningeweza kuwasha, nikamaliza shamba lake kwa shangwe, nikashinda shauri, halafu mashine ikafia kwa mwingine na mimi nikasema ni bahati mbaya. Yeye alilijua hilo. Aliniangalia kwa muda, macho yake yakawa kama ya mtu anayepima uzito wa mzigo kabla ya kuubeba. Kisha akafanya jambo ambalo nitamsifu kwalo mpaka naingia kaburini. Alichukua jembe lake, akaenda mpaka pale meno ya mashine yalipokuwa yamesimama, akapita mbele yake, akaanza kulima kwa mkono katika mstari uleule.

"Mstari haujakatika," alisema bila kuinua kichwa. "Mimi niko nao. Nyar Kuria, fanya kazi yako."

Halafu akamwambia Okoth, kwa Kijaluo, maneno ambayo nilitafsiriwa baadaye: kwamba kijana anayemharakisha mtu aliyeona hatari ni kama anayemsukuma mbeba maji mtelemkoni. Hakumtukana wala hakumfukuza. Akamwambia atafute jembe. Na Okoth, mkubwa wa wana, akatafuta jembe, akalima nyuma ya mamake.

Mimi nikapiga magoti. Nilitoa pini, nikavua meno ya upande ule, na pale, kati ya meno na sanduku la gia, nikakuta nyuzi za nailoni za kijani zimejizungusha kwenye ekseli, zimekazana mpaka zimekuwa ngumu kama pete. Nyuzi za wavu wa samaki. Zilikuwa zimeanza kuisukuma sili, ule mpira mdogo unaozuia oili ya gia isitoke. Zilikuwa hazijaikata bado, zimeikunja tu pembeni. Saa moja zaidi na ingechanika, oili ingemwagika yote udongoni, gia zingesagana zenyewe kwa zenyewe, na hapo hakuna spana ya kukusaidia.

Utauliza wavu umefikaje shambani, mbali na ziwa. Hapa kwetu kila mtu alizungushia bustani nyavu kuukuu. Mikayi alizaliwa Mfangano, na ndugu zake wavuvi walimletea nyavu zilizochakaa, akazungushia mboga zake ili kuku wasipite. Nyavu zikaoza juu, vipande vikabaki chini ya udongo msimu baada ya msimu. Jembe la ng'ombe halikujali, lilizipita. Lakini mashine yenye ekseli inayozunguka inazikusanya kama mwanamke anayesokota kamba. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa kilikuwa kwenye bustani yako.

Nilizikata kwa wembe, kidogo kidogo, nikizivuta bila kugusa sili. Niliurudisha ule mpira mahali pake kwa kidole, nikapangusa, nikaongeza oili ya gia, nikangoja kuona kama patalowa. Pakabaki pakavu. Wakati nangoja, nikatazama jinsi udongo ulivyo: ule mweusi, umekauka na kupasuka, mgumu kuliko wa bustani ya kikundi. Ile mashine ina chuma kirefu kinachoning'inia nyuma, kina matundu, unakishusha ili meno yazame zaidi au unakipandisha ili yapite juujuu. Okoth ndiye aliyekishusha asubuhi, akitaka watu waone ardhi inavyopinduliwa. Nikakipandisha tundu moja. Nikaamua nitapita mara mbili, mara ya kwanza kuvunja ngozi ya ardhi, mara ya pili kuingia ndani. Ardhi ngumu haipigwi kofi moja ikanyenyekea.

Nilipomwonyesha Mikayi zile nyuzi, aliziweka kwenye kiganja na kuzitazama sana. Akasema, "Huu ni wa ndugu yangu." Kisha akacheka, cheko la kwanza nililopata kwake tangu niolewe. "Amemaliza samaki, sasa anavua mashine yetu."

Sikia neno hilo, mwanangu: yetu. Alisema yetu.

Nikawasha. Mashine ikaruka mpaka pale lilipofikia jembe lake, ikaupokea mstari kutoka mkononi mwake, nasi tukaumaliza. Shamba lote lililimwa kabla ya mvua, naye akaangusha mbegu zake katika ardhi laini, na matone ya kwanza yakatukuta tunatembea kurudi nyumbani, mimi naisukuma mashine, akina mama wanaimba nyuma yangu, na Okoth, sitamnyima haki yake, amebeba kibuyu cha oili. Msimu huo nililimia boma lote, na baada yake kikundi chote, kila mmoja kwa zamu yake. Kabla ya kuingia shamba lolote nilidai kwanza nyavu zing'olewe, na kila bibi aliitii hiyo sheria yangu bila kubisha. Mashine ile iliishi kuliko nyingi zilizonunuliwa mpya baada yake. Watu walitoka mpaka upande wa pili wa Rodi kuja kunisikilizisha injini zao. Najisifu? Basi najisifu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini mimi sikutia maji hata tone.

Lakini kilichonifanya nisimame wima katika boma hili si hayo. Jioni ile, mvua ikipiga mabati, nilikuwa nimebaki nje chini ya kibanda naipangusa mashine, kwa sababu kazi ilikuwa imeisha na jioni ni ya kitambaa. Mikayi akatoka mlangoni kwake. Watu walikuwa wameshakaa kula. Akaita, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyekuwa akiita hivyo tangu zamani, "Nyara, bi ichiem." Binti yangu, njoo ule. Kijaluo changu kilikuwa kidogo, lakini hicho nilikielewa chote. Nililia kidogo huku nikifunika mashine na gunia, nikaingia. Tangu siku hiyo hadi alipofariki, Nyar Kuria hakuitwa tena na kinywa chake.

Sasa nikuambie wazi nilichokuitia. Mashine yako ni mpya, inang'aa, na kila mtu atakuambia kwamba mpya haiharibiki. Usiwasikilize. Ipanguse kila jioni, hata kama umeitumia kidogo, hata kama umechoka mpaka miguu inalia. Hupangusi kwa ajili ya uzuri. Unapangusa ili kesho ujue kilichobadilika tangu jana. Toa nyasi na nyuzi kwenye meno. Angalia oili mashine ikiwa imekaa sawa. Gusa kila nati. Ukikuta ardhi nyingine, rekebisha chuma cha nyuma. Usiilazimishe ardhi ifanane na mashine yako. Na ukiona tone ambalo jana halikuwepo, zima. Zima hata mbele ya watu, hata shamba likiwa la mkubwa kuliko wote. Watakaokuharakisha hawatakuwepo siku gia zikivunjika. Haraka haraka haina baraka, hilo umelisikia tangu utoto, lakini ni vigumu kulikumbuka watu wakikutolea macho.

Na nyinyi vijana mtakaokuwa wakubwa, kumbukeni pia alichofanya Mikayi. Mdogo wako akisimama kwa sababu ameona hatari, usimzomee. Chukua jembe, ushike mstari, mpe nafasi ya kutengeneza.

Sasa nafasi ya Mikayi imenifikia mimi, na kesho mimi ndiye ninayefungua shamba la boma hili. Nimezeeka, mgongo unalalamika, lakini nitapiga jembe langu na kukupisha. Nitakuwa nyuma yako na jembe hilohilo mkononi, na mstari hautakatika.

Mungu wa baba yangu aliyenipa kitambaa, na wa Mikayi aliyenipa jina, akubariki mikono. Ardhi ikulainikie, mvua ikufuate wala isikutangulie, ghala lako lijae mpaka panya waombe radhi, na watoto wako wajifunze kusikiliza kwa kukutazama wewe. Haya, inuka, nyara. Nenda ukatafute kitambaa.